Miguu Chini ya Leso

Binamu yangu Caroline Ruguru alizaliwa Kibugu, kule juu ambako mashamba ya chai yanakaribia kugusa msitu, na tangu siku ya kwanza alikuwa mweusi. Si kosa la jinai, lakini kwetu lilichukuliwa kama kosa ambalo mtu fulani angepaswa kulirekebisha kabla ya mtoto kutoka hospitalini. Wanawake waliokuja kumwona walimfunua shali, wakamtazama kidogo, wakasema, "Ana afya." Walisema hivyo kama watu wanaosifu injini ya gari lililogongwa mbele na nyuma. Kisha wakanywa chai na kwenda zao.

Shuleni aliitwa Makaa. Aliongoza katika hesabu karibu kila muhula, na mwalimu akisoma matokeo alisema, "Makaa ameongoza tena," darasa likaangua kicheko, mwalimu akacheka, na Caroline naye akacheka, maana ukiwa mtoto unacheka na wengine ili usibaki peke yako. Alipofika nyumbani alichukua lile jiwe la kusugulia visigino akajisugua nalo mashavu. Mama yake, shangazi yangu Rwamba, alimkanya vikali. Alimwambia asimalize jiwe.

Alipomaliza shule alipata kazi ya ukarani katika kituo cha kukusanyia majani chai. Kama hujawahi kusimama pale wakulima wakipimiwa, hujui binadamu. Watu wanaotoa ushuhuda kanisani Jumapili wanafika Jumatatu na majani yaliyomwagiwa maji ili yawe mazito, na matawi magumu yamefichwa chini ya kikapu. Caroline hakuwa anabishana nao. Aliingiza mkono ndani ya kikapu mpaka kiwiko, akatoa alichokikuta huko, akakiweka mezani mbele ya foleni yote, akasema kwa upole, "Mzee, hii ni yako?" Wazee wa kanisa walianguka mtihani huo wakiwa wamevaa beji zao. Hakuna aliyemdanganya mara mbili, na nadhani hakuna aliyemchukia.

Mwalimu Mugambi alimpata hapo. Yeye ni mtu wa Muthara, kule Tigania kwa Wameru, na anafundisha kemia katika shule moja ya sekondari karibu na Runyenjes. Mvua ilimkuta barabarani akiwa kwenye boda boda, akakimbilia kituoni kujikinga, na kwa kuwa hawezi kukaa kimya mahali palipo na chombo chochote cha kupimia, akaanza kumweleza Caroline jinsi mizani inavyofanya kazi. Alimweleza yeye, mwanamke aliyekula kwa mizani hiyo miaka yote. Caroline alimwacha amalize, akamshukuru, akamkaribisha chai. Hayo ndiyo mapenzi, na mimi sina la kuongeza.

Basi Mugambi akawa mgeni wetu wa kila wikendi, na kila alipokuja tulikunywa chai na kusikiliza habari za zebaki. Shuleni kwao kulikuwa na kichupa cha zebaki katika maabara, na amri ilikuwa imetoka kwamba kifungiwe kabatini kisiguswe tena na wanafunzi. Mugambi alikiomboleza kichupa hicho kama ng'ombe aliyeuzwa kwa lazima.

"Mama," alimwambia shangazi Rwamba, "hiyo ndiyo metali peke yake inakaa maji maji kwa joto ya kawaida. Kichupa kidogo tu, lakini ukikiinua unadhani kimegundishwa kwa meza. Ukitupa msumari ndani, unaelea!"

"Msumari wa chuma?" shangazi aliuliza huku akimwongezea maziwa.

"Wa chuma kabisa. Na hailowanishi kidole. Ikimwagika inakuwa vishanga, inakimbia kila pembe. Wewe unadhani imekwisha, kumbe inapanda hewani polepole, haina harufu, unaivuta. Ndiyo serikali imekataza. Iko kwa zile themometa za zamani, iko kwa mashine za presha, iko kwa taa ndefu za ofisi. Wachimba dhahabu wanaitumia kwa sababu inameza dhahabu. Weka pete ya dhahabu hapo, utaona imegeuka nyeupe, pwaa!"

"Mungu ana mambo," shangazi alisema. Caroline alikuwa anamtazama mchumba wake kwa macho ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mimi nilikuwa natazama saa.

Siku ya ruracio ilipopangwa, siku ile watu wa bwana arusi wanakuja na mahari na kupokewa rasmi, shangazi Rwamba alipatwa na wasiwasi. Nyumba ilipakwa rangi. Choo kilijengwa upya. Kisha akamgeukia binti yake kwa jicho lile lile alilotumia kukagua choo.

"Hawa Wameru wanakuja na mabasi," aliniambia. "Watapiga mapicha. Hatuwezi kuwapatia mtoto akiwa hivyo."

Siku ya soko tulishuka Runyenjes, mimi na yeye, mpaka kwa mama mmoja wa vipodozi ambaye kibanda chake kinanukia mpaka stendi. Alitoa kopo jeupe lenye picha ya mwanamke ambaye inaonekana hajawahi kupigwa na jua. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu Runyenjes anayeisoma. Hapakuwa na neno juu ya kilichomo ndani. Lakini mwenye duka alikuwa mtu mwaminifu, akatoa onyo moja.

"Asipake akiwa amevaa dhahabu ama silva," alisema. "Inaharibu."

Mtu mwenye akili ya kawaida angeuliza kitu kinachoharibu dhahabu kitafanya nini kwa shavu. Shangazi yangu alifurahi.

"Unasikia, Njoki? Hii ni kali," aliniambia. "Kama dhahabu imeshindwa, ngozi ya mtu wa Kibugu itaweza?"

Kusema kweli, ngozi haikuweza. Kabla mwezi haujaisha Caroline alikuwa ameanza kung'aa usoni, na hapo ndipo nilipoona jinsi jamii yetu ilivyo na roho nzuri. Kwaya ilimtoa mstari wa nyuma ikamweka mbele, karibu na mpiga kinanda. Walikuwa wamegundua ghafla kwamba ana sauti. Wakulima waliomwogopa kwa sababu ya vikapu vyao sasa walimwambia siku hizi kituo kina taa. Dada za Mugambi, ambao mwanzoni walimsalimia kwa ncha za vidole, walianza kumwita wifi. Masikio yake yalikataa kubadilika, viwiko vilikataa, na vifundo vya vidole vilibaki vyeusi vile vile, lakini nani anasalimia kifundo?

Kopo la kwanza lilipoisha, Mugambi mwenyewe alinunua la pili. Kisha la tatu. Aliyaleta yamefungwa kwa karatasi ya zawadi yenye utepe, mtu wa kemia, na hakuligeuza kopo hata mara moja atafute kilichomo. Alikuwa anampenda. Nasema hivyo bila kejeli, na ndiyo sehemu inayoniudhi zaidi.

Halafu kukawa na mambo ya pete. Mugambi alimvisha Caroline pete ya dhahabu aliyoinunua kwa sonara mmoja mjini Embu anayeitwa Mbae. Caroline alikuwa anaivua akijipaka, kama alivyoelekezwa, kisha anaivaa tena kwa mikono ile ile. Haikuchukua muda pete ikapoteza rangi. Ilianza na madoa, kisha ikawa nyeupe yenye kijivu upande mzima wa ndani. Mugambi alipoiona damu ilimpanda. Aliteremka Embu na mfuko wa vitabu begani, akamvamia Mbae dukani kwake mbele ya wateja.

Tuliipata hadithi hiyo yote Jumamosi, pamoja na chai.

"Nikamwambia, umeniuzia bati umepaka rangi! Akaichukua, akaisugua kwa jiwe lake, akaweka dawa zake, ati, 'Mwalimu, hii ni dhahabu. Muulize bibi anashika nini.' Mimi! Ananifundisha mimi kemia!"

"Wezi," shangazi alisema.

"Kitu inaweza kufanya dhahabu hivi ni zebaki peke yake," Mugambi aliendelea, akiinyanyua pete kwenye mwanga ili sote tuone alivyo mtaalamu. "Hiyo ndiyo ningeelewa. Lakini hapa Kibugu, zebaki itoke wapi?"

Tukacheka sote. Kopo lilikuwa dirishani, nyuma ya kichwa chake.

Wiki zilizofuata Caroline alianza kunenepa. Akiamka asubuhi macho yalikuwa yamevimba mpaka yanafunguka kwa shida, na sketi zake zikawa zinabana kiunoni. Shangazi alitangaza habari hizo kijiji kizima kwa furaha. Mtoto ameanza kushiba hata kabla ya kuolewa, huko kwa Wameru atakuwaje! Caroline alinunua viatu vikubwa zaidi, akasema vya siku hizi vinatengenezwa vidogo. Kituoni alianza kulala juu ya magunia mchana, na mara moja mzee mmoja akapitisha kikapu kizima cha majani yaliyolowa bila kuulizwa neno. Watu walisema ni mawazo ya harusi.

Siku ya ruracio ilifika na jua lake. Watu wa Muthara walikuja kweli na mabasi, wakaleta mbuzi, blanketi, matangi ya maji, na vifurushi vya miraa vilivyofungwa kwa majani ya ndizi kwa ajili ya wazee. Hema lilijaa. Wazungumzaji wa pande zote mbili walitukanana kwa heshima kwa muda mrefu, kama inavyotakiwa. Kisha ukafika ule mchezo ambao kila mtu huusubiri. Bibi arusi hufunikwa leso kuanzia kichwani, anawekwa katika mstari na wanawake wengine waliofunikwa vilevile, na bwana arusi anatakiwa amtambue wake. Haonyeshwi uso wala mkono. Anaonyeshwa miguu tu, chini ya pindo. Akikosea, analipa mbuzi, na watu wanamkumbusha mpaka azeeke.

Tulikuwa wengi katika mstari huo, tumepakwa rangi moja ya kucha. Caroline alikuwa ubavuni mwangu. Nilisikia pumzi yake chini ya leso, nzito, kama mtu aliyepanda mlima. Niliona viatu vya Mugambi vikija, vimepigwa rangi vinang'aa. Vilipita kwa rafiki yetu Kaari, vikapita kwa mke wa jirani yetu Gitari, vikasimama mbele ya Caroline. Vikakaa hapo kidogo.

"Hapana," Mugambi alisema kwa sauti ya darasani. "Hii ni miguu ya mama mzee. Mmenitegea!"

Hema lote likacheka. Viatu vikahamia mbele yangu. Akainua leso, na akakutana na mimi, mama wa watoto watatu, mwenye pengo la meno ya mbele.

"Mbuzi! Mbuzi!" wanawake wakapiga kelele na vigelegele. Mimi nami nilicheka mpaka machozi, nikageuka kumfunua Caroline ili acheke nasi.

Alikuwa analia. Si kilio cha bibi arusi, tunakijua kile, hicho hakiharibu vipodozi.

"Njoki," aliniambia, "hajanijua."

Nikatazama chini. Kwanza nilidhani amesimama juu ya kitu. Vifundo vya miguu havikuwapo. Mguu ulishuka moja kwa moja kutoka gotini mpaka kidoleni, ngozi imevutika inang'aa, na vidole vimesimama vimetengana. Niliinama nikabonyeza kwa dole gumba. Nilipolitoa, shimo lilibaki. Nikangoja lijae, halikujaa. Juu yetu watu wa Muthara walikuwa wanajadiliana kama mbuzi wa faini awe dume au jike.

Nilimtoa nyuma ya jikoni nikamkalisha kwenye kigogo. Ndipo akaniambia kwamba mkojo wake una povu kama maji ya kufulia, na kwamba usiku hawezi kulala chali kwa sababu anakosa pumzi. Shangazi Rwamba alitukuta hapo.

"Mnafanya nini huku? Wageni hawajakula. Mrudishe!"

"Shangazi, angalia miguu."

"Ni kusimama tu. Ataweka kwa maji ya chumvi jioni. Bibi arusi hatoki ruracio, Njoki, unataka watu waseme nini?"

Nilimwambia waseme wanachotaka. Sikulisema kwa maneno hayo hasa, na ninashukuru wazungumzaji walikuwa na kipaza sauti. Gitari alitoa pikapu yake, tukamweka Caroline mbele na nguo zake za sherehe, tukateremka Embu. Mugambi alikuja nyuma kwa boda boda akiwa na suti. Shangazi alitufuata baadaye, baada ya kuhakikisha wageni wamepata nyama.

Katika hospitali kubwa mjini walimpima damu, wakampima mkojo, wakampima tena. Daktari alikuwa mwanamke wa Meru anayeitwa Kagwiria, mchovu, asiyependa maneno mengi. Alisimama kando ya kitanda, akautazama uso wa Caroline, kisha akauchukua mkono wake akaukunja vidole na kutazama vifundo.

"Unapaka nini?" aliuliza.

Caroline alitazama ukutani. Mimi nilikuwa nimebeba mkoba wake, na kopo lilikuwa ndani, maana hakuwa anasafiri bila hilo. Nikalitoa. Daktari aliligeuza, akatafuta maandishi, akaguna.

"Tutalipeleka maabara, lakini nimeshaona haya. Hizi nyingi zina zebaki. Inazuia ngozi isitengeneze rangi. Halafu inaingia ndani, inaenda kwa figo. Figo zako zinavujisha protini, ndiyo maana mwili unajaa maji. Mngekaa mwezi mwingine hivi, ningekuwa nawaambia habari za mashine ya kusafisha damu."

Kisha Mugambi, kwa mazoea tu, mdomo wake ukaanza wenyewe.

"Zebaki ni metali ambayo..."

Niliona macho yake yakishuka kwenye mkono wa Caroline juu ya shuka, kwenye pete, yakabaki hapo. Nimewahi kumwona mtu akianguka kutoka juu ya mti, na hakuwa na uso huo. Mugambi alikaa chini sakafuni, na suti yake yote, mgongo ukutani.

"Ni mimi nilinunua," alisema. "Nilinunua na nikafunga na utepe."

Caroline alikuwa amemkazia daktari macho.

"Nitakufa?"

"Sidhani. Ukiacha leo, figo nyingi za namna hii hupona. Itachukua miezi, na dawa, na utakuja hapa mpaka tukuchoke. Lakini uache kabisa. Na hili kopo msitupe shimoni wala msilichome moto, moshi wake pia ni sumu. Niachieni."

"Na rangi?"

"Rangi itarudi," Daktari Kagwiria alisema. "Polepole. Utakuwa vile ulivyozaliwa."

Alisema hilo kama habari njema. Caroline alivuta shuka akajifunika uso, na shuka likaanza kutetemeka. Nilikuwa na hasira nikashindwa kujua niielekeze kwa nani. Mtu ameambiwa ataishi, na analia kwa sababu ataishi akiwa yeye mwenyewe. Nilimshika mguu, ule mguu wa mama mzee, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Shangazi Rwamba alikuwa amefika katikati ya maneno hayo. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cha sherehe, na midomo bado inasema sala aliyoianza kwenye korido. Nadhani alisali kweli. Nadhani aliziombea figo hizo kwa moyo wote. Kisha akasogea mpaka karibu na daktari, akamshika kiwiko, akashusha sauti kwa adabu.

"Daktari, pole kwa kazi. Sasa, hakuna ile ingine? Ile haina hiyo zebaki? Ya kuzuia tu isirudi yote?"

Mugambi aliinua kichwa kutoka sakafuni. Shuka lilitulia.

Caroline alilishusha mwenyewe. Uso wake ulikuwa umevimba na macho mekundu, na sijawahi kumwona mzuri kama alivyokuwa dakika hiyo. Aliunyoosha mkono, akauchukua mkono wa mama yake kutoka kwenye kiwiko cha daktari, akauweka juu ya shuka jeupe, hapo mbele ya macho yetu sote. Ulikuwa mweusi, mweusi mzuri wa mtu aliyechuma chai maisha yake yote.

"Mama," alisema, "si rangi hii ni yako?"

Shangazi aliutazama mkono wake. Alitaka kuurudisha, lakini Caroline hakuuachilia.